Mizani ya Mbu

Duka la dawa, Langoni, kati ya fundi saa
na mama auzaye mikate ya mofa.
Hapa ndipo ninapoandikia,
mgongoni mwa bahasha za vidonge,
zile ndogo za kaki
zenye nafasi ya "kutwa mara tatu"
na pumzi moja zaidi.

Haiku haitaki ukurasa.
Tano, saba, tano:
kidole gumba kinapita vifundoni
kama cha mvuta tasbihi,
na mteja adhani nakokotoa bei.

Ami Famau hapendi.
Yeye ni wa kumi na sita kwa mshororo,
nane kwa nane, vina kati, vina mwisho,
na kituo kirudicho kila ubeti
kama mdai mlangoni.
Alikuja kuchukua dawa ya presha, akaiona.
"Shairi hili limekatwa mkia.
Kina ki wapi? Umetia chumvi,
mwanangu, ukasahau wali."
Nikamwambia, hili halina wali, Ami.
Ni chumvi tu, ya kuonja kwa ncha ya ulimi.
Akaguna. Bahasha akaitia mfukoni mwa kanzu.

Nilikuwa nimeandika:

    Masika kwisha,
    mbu aimba gizani
    jina la nani?

Siku ya tatu akarudi. Hakuketi.
"Wa kati umezidi moya."
Nikahesabu. Saba.
"Nane," akasema, na fimbo akaigonga sakafuni
mara nane, fundi saa akachungulia.
"M wa mbuzi hubebwa.
M wa mbu hujibeba mwenyewe.
Mbuzi mzima, na pembe zake: mizani mbili.
Mbu: mizani mbili.
Kwenye lugha hii
wale wawili bei yao moya."

Nilicheka mpaka nikamwaga vidonge.
Alipokwenda, gizani nikaifuta,
nikaweka tena:
mbu aimba tena
jina la nani?
Ikauma zaidi. Hilo sikumwambia.

Mwezi ukapita, dawa zikamwishia.
Bahasha ileile, imelainika kwa jasho,
akaiweka juu ya kaunta, kifudifudi.
Nyuma yake, kwa herufi za Kiarabu,
mkono ukitetemeka kwenye kila nukta:

    Nimekukosa.
    Vikombe ni viwili

na chini yake, hakuna.

Bi. Shekuwe alizikwa mwezi wa Rajabu.
Ami alimtungia beti thelathini na mbili,
zikasomwa arobaini yake, watu wakalia, wakala.
"Zile zilikuwa za watu," akasema.
Kisha akaweka ukucha juu ya neno la kwanza:
"Miaka hamsini natunga,
sikujua kitenzi kimoya chatosha mstari.
Tazama. Ni, ndiye mimi. Ku, ndiye yeye.
Kati yetu pana me tu,
yaani lililokwisha."

Sikumuuliza ni kukosa kupi,
kwa kupungukiwa
au kwa kumkosea.
Lugha imeviweka vyote viwili
kwenye kabati moja, na ufunguo ni wake.

"Na mstari wa tatu, Ami?"
Akatazama nje. Punda wa mchanga walikuwa wakipita,
kichochoro kikawa chembamba, kisha kikarudi upana wake.
"Nimekaa nao siku kumi na moja.
Kila nikiutia kina, unakuwa uongo.
Nikiuacha bila kina, naona haya."

Nikamhesabia vidonge, thelathini,
mbili mbili, kwa kisu cha plastiki.
Juu ya bahasha mpya nikaandika
kama ninavyowaandikia wote:

    Kimoja kutwa

Akaipokea, akaisogeza mbali na macho, akaisoma.
Nikaona gumba lake likianza kutembea,
kifundo kwa kifundo,
polepole, mpaka kidole kidogo.

"Tano," akasema.
Akasahau chenji yake.