Saa Tatu

Kila jioni, saa kumi na mbili kamili,
taa ya Kekee hugeuka nyekundu.
Si umeme. Tokeni nilinunua juzi,
na feni inazunguka, inalalamika kama kawaida yake.
Ni jaribio moja katika elfu mbili mia sita na nne:
linaanguka, linalala chali hadi saa tatu,
kisha linainuka lenyewe, linajipangusa, kijani,
kana kwamba hakukuwa na lolote.

Mimi ndiye mshika funguo. Cheo hicho hakina mshahara.
Mchana naandika stakabadhi za makontena Shimanzi;
usiku, ghorofani Kuze, nalinda lugha
ambayo watu mia tatu hivi wanaandikia programu,
mmoja yuko Norwe, hulalamika kwa adabu.
Nani aruhusiwe kuunganisha kwenye tawi kuu,
macho mangapi yapitie kabla ya mlango kufunguka,
siri ipi imechakaa, ibadilishwe.
Ukiifanya vizuri hakuna anayejua.
Ukikosea koma, wote wanakuamsha.

Kadzo, mgeni wetu wa Kisauni, ana haraka:
"Lifute, dada. Au lirudiwe mara tatu, litapita tu."
Nikamwambia, hatumpimi mgonjwa homa mara tatu
tukachagua jibu tunalolipenda.

Wiki hiyo nilikuwa nasafisha orodha ya ruhusa.
Kanuni niliiandika mwenyewe:
aliyekaa mwaka bila kuingia, funguo zirudi.
Jina la tatu: Mselem.
Aliyenifundisha kulisoma kosa kuanzia mstari wa mwisho.
Aliyeiacha Kekee akaenda kuendesha winchi Kilindini
kwa sababu watoto hawali shukrani.
Kidole kilikaa juu ya kitufe
hata kahawa ikapoa.
Nikabonyeza.

Mashine haina staha. Ilimpelekea barua papo hapo.
Simu ikalia.

"Biasha! Wanitoa nyumbani mwangu?"
"Kanuni, Mselem."
"Kanuni nzuri. Ni nani aloiandika?"
"Mimi."
"Haya. Na huko mambo yaendaje?"

Nikamweleza habari ya taa.
Kimya. Nyuma yake chuma kinagonga chuma,
mtu anaita shusha, shusha, shusha.
Kisha akacheka mpaka akakohoa.

"Jaribio hilo ni langu.
Lauliza, huu ni usiku wa siku gani?
Kwetu jua likitua Jumatano, usiku ule ni wa Alhamisi,
nyanyako hakukwambia?
Lakini mashine mwaikodi ng'ambo,
saa yake iko nyuma saa tatu.
Hapa maghribi imeshaadhiniwa; yenyewe bado yaona alasiri,
yabisha, yasema Jumatano, Jumatano.
Jaribio halisemi uongo, Biasha.
Mashine haijui iko wapi."

Saa tatu, mpaka saa tatu.
Miezi miwili nilikuwa naitazama.

Dawa ilikuwa mstari mmoja kwenye mipangilio.
Nikafungua orodha ya miji ya dunia
nikaitafuta Mombasa. Haimo.
Kuna Nairobi.
Nikaandika Nairobi, Mungu anisamehe,
na hapa Kuze wasisikie.
Juu yake nikaacha maelezo ambayo mashine huyaruka:
hapa ni Mombasa.

Hata mimi siruhusiwi kujipitishia kazi;
hiyo nayo ni kanuni yangu. Kadzo akapitia.
"Mstari huu wa juu ni wa nini? Mashine haiusomi."
"Sikuuandikia mashine."
Akapitisha.

Kesho yake nikaketi mapema, macho kwenye kioo,
kama mtu anayengoja matokeo ya mtihani wa mwanawe.
Zilipobaki dakika nne, feni ikanyamaza.
Tokeni.
Adhana ikanikuta gizani,
nikapapasa kibiriti, nikapapasa simu.
Ujumbe wa Kadzo ulikuwa neno moja,
hata nukta hakutia.

Kijani