Mkia wa Mstari

Kwetu Setomaa wimbo haubebwi na mtu mmoja.
Kiongozi hutupa mstari, na kabla haujagusa chini
sisi tunaudaka mkiani, silabi mbili tatu za mwisho,
tunaurudia mzima huku yeye akivuta pumzi.
Miaka kumi na tisa nimedaka mikia ya Riinu.
Mimi ndiye killõ, sauti moja ya juu,
nyembamba kama waya wa kukatia jibini.

Sasa yuko redioni, saa moja na robo asubuhi,
kati ya bei ya dizeli na habari za theluji.
Ngoma ya mashine: du-du, du-du.
Anatupa mstari, na anayeudaka ni yeye mwenyewe,
Riinu mara nane, Riinu juu ya Riinu.
Hakuna anayekohoa. Hakuna Akuliina wa kuchelewa.

Dukani walishagawanyika kabla mkate haujashushwa.
Höödo, ambaye hakuimba hata kwenye harusi yake,
alisema msichana ameuza urithi kwa bei ya sketi fupi.
Muuza duka akasema sketi ni ndefu, kaiona,
tena kavaa ile bruchi kubwa ya fedha ya bibi yake.
"Ndiyo hiyo! Bibi yake kampeleka disko!"
Dereva wa lori la maziwa: mie nauweka kila alfajiri,
unafukuza usingizi kuliko kahawa.
Mjane wa shemasi alilia. Hatukujua analilia lipi.
Alinunua sukari, akaenda zake.

Alhamisi, mazoezi. Akuliina, miaka themanini na moja,
alianza, "Ngoma ikivuma sana..." akaishia hapo,
ama alisahau, ama aliona haina haja.
Tukakubaliana kumwandikia barua.
Tukabishana nani anunue stempu. Barua ikafa.

Mcheza kwao hutuzwa.
Sisi tulimtuza nini?
Soksi za sufu, jozi moja kwa mwaka,
na nauli ya basi katika bahasha iliyokwisha kutumika.
Hilo hakuna aliyelisema. Hata mimi.
Mimi nilisema: "Sauti yake imepungua chumvi."
Walicheka, nikajisikia vizuri mpaka nilipofika nyumbani.

Maana nyumbani, nikikoroga maziwa ya jibini,
mlango nimeufunga, nausikiliza
kama mtu anayesoma barua ya jirani.
Baada ya mstari wa pili kuna nafasi, nusu pumzi.
Ni pangu pale.
Wamepaziba kwa kengele ndogo ya umeme, ting,
na linaloniuma ni kwamba
haikosei.

Jana kituoni, mvua na theluji vimechanganyika,
Kertu, mjukuu wa Höödo, na mwenzake,
simu moja, waya mmoja, kila mtu sikio lake,
wanaimba. Kwa Kiseto!
Kertu huyuhuyu ambaye tangu ana miaka minne
salamu ya babu yake huijibu kwa Kiestonia.
Neno la mwisho analitamka kama jina la sabuni.

Mstari wa kwanza nilinyamaza.
Wa pili nikatazama viatu vyangu.
Wa tatu ulinitoka wenyewe, juu, waya wa jibini,
na wasichana wakageuka kunitazama
kama mtu aliyevua soksi kanisani.

"Si hivyo," nikasema. "Lina vokali mbili. Livute."
Kertu akachomoa waya sikioni.
"Umeujulia wapi? Huu ni mpya."

Basi likapiga honi.
Nikaanza kusaka nauli, mfuko wa kulia, wa kushoto,
na nyuma yangu, kwa sauti ya chini, kimakosa bado
lakini si kama sabuni tena,
akalivuta.