Kipimo cha Chelezoni

Chuoni tuliiita rafadha.
Hapa Mtwara ni panga tu,
na panga la kushoto la kivuko cha Msangamkuu
lina pengo la ukubwa wa kucha
nililolijua kwa kidole kabla sijaliona.

Mwezi wangu wa tatu kazini.
Ovaroli ingali na mkunjo wa dukani,
kifuani imeshonwa T. NAMBUNGA,
lakini mafundi wananiita Digrii.
Digrii, shika tochi. Digrii, pisha jeki.
Ilipofika zamu ya fila wakanyamaza.
Fila ni yangu:
majani ya chuma, membamba kama ganda la kitunguu.
Nikayapenyeza kati ya sahani mbili za kapulingi,
juu, chini, kulia, kushoto,
nikazungusha shafti robo, nikapima tena.
Tano za mia ya milimita.
Unywele wangu una saba.

Nikaiandika daftarini kwa wino,
nikapiga mstari chini yake,
usiku nikampigia mama kule Newala
kumwambia nimenyoosha shafti ya kivuko,
hata unywele haupiti.
Akaniuliza kama nimekula.

Jumatatu maji yakajaa. Tukakiteremsha.
Ng'ambo watu walisimama na ndoo zao,
siku ya tisa wakivushwa kwa mitumbwi,
wakatupigia vigelegele tulipowasha.
Dakika kumi na mbili.
Beringi ya nyuma: nyuzi sabini na nane.
Niliweka kiganja, nikakitoa.
Sakafu ilitetemeka kama cherehani iliyolegea mguu,
grisi ikaanza kunuka kama vitumbua vilivyosahaulika,
nami nikaitazama geji
kana kwamba geji ndiyo yenye kosa.

Chifu Likwena hakunifokea. Afadhali angefoka.
Alizima injini ya kushoto,
tukarudi gatini upandeupande, kama kaa,
vigelegele vimekwisha.
Ndipo akauliza, huku akifuta mikono:
"Ukilala sakafuni na ukilala kitanda cha kamba,
mgongo wako ni uleule?"

Nikaelewa kabla hajamaliza.
Chelezoni kivuko kililalia magogo,
magogo yakakinyoosha,
nikaipima kazi ya magogo nikaiita yangu.
Majini chuma hubonyea.
Si sana.
Kiasi cha kuniumbua.

Saa kumi na moja alfajiri,
kabla jua halijapasha ubavu mmoja ukaudanganya mwingine,
tukalegeza boliti za miguu ya injini
kikiwa kinaelea, matangi yamejaa, kamba zimelegezwa.
Thelathini na moja za mia.
Niliisoma kwa sauti, mbele ya wote,
na hakuna aliyecheka, jambo lililoniuma zaidi.
Shimu tatu za shaba. Kaza. Pima. Legeza.
Shimu moja ikatoka. Kaza.
Mkono wangu wa kulia ulikufa ganzi hadi bega,
Fundi Chinduli akaushika wrenchi bila kuniomba
wala kuniita jina lolote.

Nilitaka kuichana ile kurasa.
"Usichane," Chifu alisema. "Wala usifute.
Andika pembeni kilikuwa wapi."
Basi ipo hadi leo, tano za mia, mstari chini,
na pembeni, kwa kalamu ya risasi: nchi kavu.

Leo safari ya saa moja, pikipiki sita, mbuzi mmoja,
bibi anayegombania chenji ya mia mbili.
Chini huku nyuzi arobaini na sita.
Geji inasema hivyo, nami naiamini,
lakini kila tukipita katikati ya mkondo
naweka kiganja.