Daftari la Bi Zamzam

Historia ya mwalo wetu haikuandikwa na padri
wala na karani wa gombolola.
Iliandikwa na Bi Zamzam binti Mursali, Mnubi wa Bombo,
aliyeshuka Bukasa na cherehani moja na magunia mawili ya chumvi
akasema atakaa wiki mbili.

Alikaa miaka arobaini na moja.

Madaftari yake aliniachia mimi. Yako saba,
yananuka dagaa na mafuta ya taa.
Aliandika kwa Kiswahili, maana wadeni wake
walikuwa Wasoga, Wasamia, Wajaluo, Wakongo,
na Wasese wenyewe, wachache,
na deni, alisema, lisomeke hata na anayelikana.

Nafungua popote.

"Kaddu, chumvi vikombe viwili. Atalipa dagaa wakikauka."
Chini yake, kwa wino mwingine: "Mvua."
Chini tena: "Mvua."
"Mwalimu Ojiambo, mafuta nusu chupa, asahihishe mitihani."
"Nassuuna wa hoteli, sukari robo,"
na pembeni, kwa herufi ndogo kama sisimizi:
"Anasema ni ya wageni. Wageni gani?"

Ukurasa huu umepigwa mstari kwa rula, juu hadi chini.
Ni wiki ile serikali ilipokata sifuri mbili kwenye pesa.
Alikesha na kibatari, naye akikata sifuri,
na alfajiri Kaddu akaja anacheka,
akidhani deni limekufa.

Halafu tisini na nne. Mto Kagera ukatuletea watu
tusiowajua, wasioomba kitu.
Hayo Bi Zamzam hakuyaandika. Aliandika:
"Samaki haliwi. Maharage yamekwisha.
Asidaiwe mtu hadi Disemba."
Na siku moja, bila jina la mnunuzi:
"Bafta, yadi kumi na mbili. Juu yangu."

Siku hizi watu wa mjini huja na feri,
wanauliza hapa pana historia gani.
Tunawaonyesha mnara wa simu.
Mimi nawaza daftari la pili, ukurasa ulioliwa kona na panya:

"Usiku. Wembe mpya mmoja. Uzi, shubiri nne.
Sabuni kipande. Mke wa Ssebbowa.
Hajalipa."

Wembe ule ulinikata mimi na mama yangu, tukawa wawili.
Sina cheti kingine cha kuzaliwa;
zahanati ilifika nimeshaota ndevu.

Dawa ya deni ni kulipa, haya,
lakini baba alikufa anadaiwa wembe,
mama akahamia Masaka na kuolewa tena,
na Bi Zamzam tulimzika wenyewe, kichwa kikielekea alikoagiza.

Mwaka jana nikaenda Bombo na bahasha.
Nikamkuta mjukuu wake barazani anasuka kawa za rangi,
miguu kainyoosha, redio iko juu.
Nikamweleza: wembe, uzi, sabuni.
Akapunguza redio.
"Shilingi ngapi?"

Nikalifungua daftari magotini pake, tukatazama pamoja.
Mahali pa bei hapakuwa na nambari.
Aliacha nafasi tu,
upana wa kidole,
na doa la chai.