Upande wa Chini wa Jani

Nilidhani ni vumbi, vumbi la Kiusa,
lile lisiloogopa mlango wala pazia.
Nikapuliza. Halikuruka.
Nikashusha lenzi jichoni,
hii ninayochungulia magurudumu ya saa,
na pale, kwenye kikonyo, upande wa chini wa jani,
nikaona miguu.

Ukitazama kwa mbali ni pamba.
Ndani ya pamba, mnyama laini,
ametulia, anafyonza,
kama mtoto na soda ya Krismasi.

Mmea wangu hutambaa.
Umeanzia kwenye kopo la mafuta juu ya kabati,
ukapita msumari wa kalenda,
ukaizunguka saa ya ukutani isiyo na mwenyewe
(aliileta Machi, hakurudi; inatembea vizuri),
ukashuka hadi mezani, ncha yake
ikinisimamia kazi.
Jina lake silijui. Tunamwita Mpangaji.
Halipi kodi, ila hana ugomvi na mtu.

Ningewasikiliza sisimizi.
Wiki nzima walipanda ukuta kwa foleni.
Baba, kule Uru, alininyooshea kidole kwenye mbuni:
"Wale wanakwenda kukamua.
Vidugamba ndio ng'ombe wao."
Nilikuwa mdogo. Nikainama kutafuta chuchu.

Aikande wa duka la dawa alinipimia spiriti.
"Kidonda cha nani?"
"Cha Mpangaji."
Hakucheka.
"Na wangu unanata," akasema polepole,
"majani yanang'aa kama yamepakwa asali."

Wake ulitoka kwangu.

Moyo ukasimama, saa iliyoingia maji.
Maana kila aliyesubiri betri
aliondoka na kipande ndani ya chupa:
Shekiondo kinyozi, Mama Nderingo wa vitenge,
karani wa mahakama, mchungaji, mke wa mchungaji kando.
Mkono mtupu haulambwi, walisema.
Wangu haukuwa mtupu. Ulibeba wageni.

Jumamosi nilifunga saa saba.
Nikamshusha Mpangaji, nikamtenga stoo,
mbali na mwenzake wa dirishani.
Pamba, spiriti, kibano.
Mmoja.
Mmoja.
Kwenye maungio, ndiko wanakojificha,
kama uchafu unavyojificha kwenye meno ya gurudumu.
Jani changa sikuligusa kwa spiriti, lingeungua;
nililiosha kwa maji ya sabuni ya mche,
nikajaribu kwanza kwenye jani moja,
nikalala, nikaamka, nikaona halijanuna.
Tawi moja lilikuwa lao lote.
Nilikata, nikachoma na gazeti.

Nawe usidhani umemaliza.
Mayai hayana haraka.
Jumamosi ya pili wapo, wadogo kama nukta.
Jumamosi ya tatu, wawili.
Saa nayo huirudishi siku uliyoifunga;
unailaza usiku kucha
uone kama itabaki nyuma.

Kisha nikatoka na kikapu, mlango kwa mlango,
kama wale wa chanjo.
Shekiondo alisema dawa ni wembe,
akaupunguza mmea denge, ukabaki shina.
(Umechipua. Sasa ananifundisha.)
Karani alitaka nimwandikie barua ya maelezo.

Mama Nderingo alikuwa amenyamaza.
Wake umelala juu ya meza ya cherehani, majani ya njano.
"Nilidhani ni mimi," akasema.
"Nilikuwa nauongezea maji. Nikauhamisha.
Nikasema mkono wangu umekuwa mbaya
tangu mwaka jana."
Sikumuuliza mwaka jana kulikuwa na nini.
Nilimwambia: si mkono wako, ni zawadi yangu.
Nikamvalisha lenzi, nikageuza jani.

Alitazama muda mrefu,
jicho moja limefumba, mdomo wazi kidogo.
"Mbona wanapendeza," akasema,
akanyoosha kiganja
nimpe pamba.