Orodha ya Salfa

Ghala la chama, Mahuta, mwezi wa sita.
Maua ya mikorosho yameanza kupigwa ubwiriunga
na mimi karani nasoma majina.

"Hashimu Mkwemba. Mikorosho mia nne."
Mifuko arobaini. Anapokea dereva wake;
mwenyewe yuko Dar, na hiyo mia nne
naijua: ni kiwanja cha mpira, goli moja limelala.
Nasoma tu. Orodha imekuja na muhuri.

"Issa Nang'ondo Lipala. Sitini na miwili."
Kimya.
Nilibeba jeneza lake, Machi,
udongo mwekundu ukaning'ang'ania viatu hadi Mei.
Nainua kalamu nimfute.

"Yupo," anasema Bi Somoe, mkewe,
kanga yake ina madoa ya manjano, salfa ya mwaka jana.
"Yupo shambani. Kanituma."

Miaka kumi na tisa namwona yeye akipalilia,
yeye akibeba bomba mgongoni, mimba mbele;
marehemu alibeba kitambulisho.

Foleni yote imeinamia ndala zake.
Mkaguzi yuko nje, anapiga simu.
"Weka dole gumba," nasema.

Analichovya lake kwenye wino,
analikandamiza juu ya jina la mumewe
polepole, kama anayefumba jicho la maiti.

Mifuko sita.
Anaihesabu mara mbili.
Kisha ananiuliza, sauti ya chini, bila hasira,
mwakani afe nani tena
ndipo aandikwe yeye.