Herufi Tatu za Mwisho

Madaftari ya ubatizo yako kabatini,
nyuma ya chupa za divai ya meza ya Bwana.
Saba. La kwanza mchwa wamelionja pembeni.
Mvua ya Aprili imekata njia ya kupanda huku Mwika,
leo hakuna atakayekuja kudai cheti.
Nimebaki na chai, na jina langu.

Daftari la kwanza, wino uliogeuka kahawia:
*Haikaeli, wa Ndetaulwa.* Bibi.
Haika ni asante. Hilo ni neno letu la shambani,
la kupokea kata ya mbege kwa mikono miwili.
Eli alikuja na wageni, ndani ya kitabu,
akashonewa nyuma ya asante
kama kiraka kwenye blanketi,
na baada ya masika mawili matatu
hakuna aliyeuona mshono.

Kabla ya bibi walizikwa watatu migombani,
bila jina, bila daftari.
Mama yake hakukimbilia kushukuru.
Alisubiri meno mawili ya chini yachomoze,
akayagusa kwa kidole,
ndipo akasema: haya. Asante.

Daftari la tatu wamejaa.
Kumi na tisa kwa mwaka mmoja, kahawa ilipolipa.
Ukiliita gulioni, vikapu kumi viligeuka,
ikabidi waongezewe: Haikaeli wa mfongoni,
Haikaeli Cherehani,
Haikaeli yule asiyerudisha sufuria.

Mimi nimo katika la tano, binti wa pili,
kwa hiyo jina la mama yake mama, bila mjadala.
Nililibeba salama hadi bweni la Tanga.
Huko wakaligeuza kama chapati:
“Haikaeli? Haikai? Haikai wapi?”
Nikiingia darasani, kiti kinavutwa: haikai!
Muhula wa pili nikaandika Hellen kwenye madaftari yote,
l mbili, kwa usalama.
Baba aliisoma ripoti mpaka chini, akavua miwani.
“Huyu Heleni amefaulu vizuri.
Ni mtoto wa nani, mbona ada nimemlipia mimi?”

Sikuwa na jibu. Sinalo hata sasa,
na mhuri wa ofisi hii unasema Hellen.

La sita niliandika mwenyewe.
Gladness, Brightness, Happiness,
furaha tupu, ukurasa baada ya ukurasa,
mpaka kalamu yangu ikachoka na s.
Haikaeli mmoja tu, tena jina la pili,
kama mgeni aliyetandikiwa sebuleni.

Sasa la saba. Limerudi, limekatwa mkia.
Wanakuja Desemba, magari yana vumbi la safari,
watoto wamevaa soksi nyeupe: Haika.
Haika, Haika, na mwingine Haika-Rose.
Fupi. Linakaa vizuri kwenye simu.
Mzee wa kanisa ananung'unika kwamba Mungu
ameachwa stendi.

Mwaka jana alikuja mmoja, mwenyeji wa Lindi,
ameolewa kwa akina Mshiu, mtoto mgongoni.
“Haika tu?” nikamwuliza.
“Tu.”
“Unajua maana yake?”
“Asante.”
“Asante kwa nani?” Kalamu yangu ilikuwa hewani.
Nilitaka kumsikia akikwama, nakiri.

Akamshusha mtoto, akamfuta mate.
“Kwa nesi wa zamu ya usiku, KCMC.
Saa tisa wote walisinzia, yeye akabaki amenishika mguu.
Sikumwuliza jina.”

Nikaandika: Haika.
Halafu, kabla ya jina la baba,
nikaacha nafasi ya herufi tatu.
Naiangalia sasa, mvua ikipiga bati.
Mchungaji akiuliza,
nitasema mkono uliteleza.